Kabla Hujalipa, Muone Mama Yake: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mbwa

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu na Magharibi. Nyingi zinauliza mbwa apatikane wapi, na akishafika nyumbani atunzwe vipi. Tumezifupisha na kuacha majina.

Nimeona kwenye Facebook vijibwa wa German Shepherd wa wiki sita, shilingi 25,000 kila mmoja. Muuzaji yuko Nairobi. Anasema wamemaliza chanjo zote, nitume nusu ya pesa kwa M-Pesa, kisha atampakia kwenye matatu nimpokee stejini Nakuru. Bei hiyo ni nzuri? — Baba wa watatu, Kiamunyi

Bei iache kwanza. Kijibwa wa wiki sita hawezi kuwa amemaliza chanjo. Chanjo ya mchanganyiko, ile ya magonjwa ya virusi ya pavo (kuhara damu), distempa (makamasi na misuli kurukaruka) na homa ya ini, huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Inarudiwa kwa sababu kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huizima chanjo, na hakuna anayejua kwa kumtazama tu ni wiki gani kinga hiyo itaisha. Ya kichaa cha mbwa huja akiwa na miezi mitatu. Kwa hiyo muuzaji wako ama hajui chanjo, ama anajua na anakudanganya. Kwa mnunuzi yote mawili ni mamoja.

Mwombe picha ya kadi. Kadi ya kweli ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, yenye nambari ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kando yake tarehe ya kuchanja, sahihi na muhuri wa daktari wa mifugo pamoja na nambari yake ya usajili kwenye Bodi ya Mifugo ya Kenya, KVB. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu, "amechanjwa", bila stika, ihesabu kama hakuna kadi. Hata muuzaji mwaminifu huweza kuwa amechanja bure: chanjo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ile iliyobebwa mfukoni kutoka agroveti mchana kutwa haimkingi mtu wala mnyama.

Umri nao una njia ya kuupima, na hauhitaji kumwamini mtu. Fungua mdomo. Meno ya utoto huanza kuchomoza karibu wiki ya tatu, na kufikia wiki ya nane huwa yamekamilika, 28 kwa jumla: kila upande, juu na chini, meno matatu ya mbele, chonge moja, na magego matatu. Ukiona ya mbele na chonge zipo lakini huko nyuma ufizi bado mtupu au magego ndiyo kwanza yanachungulia, huyo hajafika wiki nane hata kama kadi inasema miezi mitatu. Kabla ya wiki nane asiondolewe kwa mama. Ni katika wiki hizo ndipo ndugu zake humfundisha kupima nguvu ya meno: akiuma sana, mwenzake hulia na mchezo unakwisha. Anayetolewa mapema huja kuwajaribia watoto wako watatu somo hilo.

Halafu mama. Usinunue kijibwa ambaye hujamwona mama yake akiwa naye, ananyonyesha au chuchu zake bado zinaonyesha kwamba alinyonyesha. Kama huwezi kufika mara moja, piga simu ya video bila kuahidiana saa, umwambie muuzaji aandike jina lako kwenye karatasi na kuiweka kando ya vijibwa. Picha za kuibwa mtandaoni hazina karatasi yenye jina lako. Ukiambiwa mama yuko shamba, mama amesafiri, mama ni mkali haonekani, funga mkoba. Na ukimwona, mtazame anavyotembea: anayeyumba kiuno au kuinuka kwa shida huenda ana nyonga mbovu, ugonjwa unaorithiwa sana kwa German Shepherd, na huoni chochote kwa mtoto wa wiki nane. Mama anayejificha kwa woga au kurukia kila mtu naye anakuonyesha watoto wake watakavyokuwa.

Kijibwa mwenyewe mshike. Bonyeza ufizi kwa kidole: uweupe unapaswa kurudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uliopauka mara nyingi ni minyoo, viroboto au kupe waliomnyonya. Tumbo lililovimba kama ngoma huku mbavu zinahesabika ni minyoo. Papasa kitovu, uvimbe laini unaorudi ndani ukiusukuma ni henia. Inua mkia uone kama pamechafuka kwa kuhara.

Masikio yasikuhadae, kwani ya German Shepherd wengi wa umri huo bado yamelala. Kama unalipia mbegu safi, dai karatasi za usajili za East Africa Kennel Club za wazazi wote wawili. Bila hizo unanunua chotara kwa bei ya mbegu safi. Kama unachotaka ni wa kubweka usiku, karatasi hizo huzihitaji, na huenda hata German Shepherd humhitaji. KSPCA, shirika la kutetea wanyama jijini Nairobi, huwapa watu mbwa waliookolewa, na kwa boma la kawaida Nakuru wengi wao wanatosha kabisa.

Nusu ya pesa usitume. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160. Nenda ukamchukue mwenyewe, ulipe ukiwa umemshika. Buti ya matatu si mahali pa mtoto wa mnyama.

Nataka mbwa wa kukaa na ng'ombe. Majirani wananiambia niende Lubao, wengine wanasema mbwa wa Lubao hufa ndani ya wiki. Nimsikilize nani? — Mkulima, Malava

Wote wana haki. Lubao, pale kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, ni soko la mbwa linalojulikana nchi nzima, na kuna mbwa wa kienyeji wazuri wanaopita pale, wagumu, wenye akili. Kasoro ni kwamba wanyama wa maboma mengi hukutanishwa kwenye uwanja mmoja. Virusi vya pavo hutoka na kinyesi na huweza kukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka. Aliyeambukizwa hukaa siku tatu hadi saba, mara nyingine zaidi, akiwa mchangamfu kabisa, ndipo aanze kutapika na kuhara damu yenye harufu kali. Mnunuzi husema mbwa "alikataa maji ya kwetu". Alitoka sokoni na ugonjwa huo.

Ndiyo maana kwa soko kama hilo tungekushauri uache vijibwa, uchukue mwenye mwaka mmoja na zaidi. Pavo huua zaidi wadogo. Fika mapema, simama mbali umtazame kwa robo saa kabla muuzaji hajakuona. Anavuta kamba, ananusa, anatazama watu? Vizuri. Amejilaza jua kali na kila mtu anamruka, na muuzaji anamsifu kwa upole? Huyo ni mgonjwa. Makamasi yaliyoganda, nyayo zilizokuwa ngumu kama gamba, taya au mguu unaorukaruka wenyewe ni distempa, mwache. Anayetoa ute mwingi, sauti imebadilika kuwa ya kukwaruza, au anang'ata hata kamba na vijiti, usimsogelee, huenda ni kichaa cha mbwa, na mwambie daktari wa mifugo wa eneo. Tazama pia sehemu za siri: uvimbe uliochanua kama koliflawa unaodondosha damu ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Inatibika, lakini kwa sindano za kila wiki kwa mwezi au zaidi, na utazilipia wewe.

Mwambie muuzaji akuandikie karatasi yenye jina, nambari ya simu na mahali mbwa alikotoka. Mbwa wa kuibiwa nao huuzwa.

Nyumbani mtenge siku 14, vyombo vyake peke yake, mbali na mbwa wengine wa boma. Mpe dawa ya minyoo inayoua na minyoo bapa (yenye prazikwanteli), na akiwa mzima achanjwe kichaa cha mbwa wiki hiyo hiyo, ukijua kinga huchukua kama mwezi kukomaa. Kupe muondolee kwa dawa ya mbwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokadiriwa kwa jicho, kifuniko kimoja, viwili, huweza kumuua mbwa. Anailamba kwenye manyoya. Na kama mbwa wa kabla yake alikufa kwa kuhara damu, osha sakafu ya saruji na vyombo kwanza kwa sabuni, kisha kwa Jik, sehemu moja kwa maji sehemu 20, uache dakika kumi. Udongo hausafishiki hivyo. Hapo usilete kijibwa asiyemaliza chanjo mpaka mwaka upite.

Ila kabla ya Lubao zunguka kwanza kijijini. Jike wa jirani ambaye umemwona miaka miwili akilala na ng'ombe bila kuwafukuza ndama, akizaa, chukua mtoto wake wa wiki nane umlaze karibu na zizi tangu siku ya kwanza. Umri wa wiki tatu hadi kumi na mbili hivi ndio ambao mbwa hujifunza nani ni wa kwao.

Ninaishi chumba kimoja Kondele, naondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku. Ni mbwa gani mdogo anayenifaa? — Mpangaji

Hakuna. Saa 14 peke yake chumbani, atalia, atatafuna godoro, na mwenye nyumba atakupa notisi kabla hujampa jina. Ukihamia penye ua na mtu wa kushinda nyumbani, tuandikie tena.

Mbwa wangu hula ugali na mabaki ya omena, lakini manyoya yamefifia na mbavu zinaonekana. Nimeambiwa nimpe mahindi yaliyoharibika kwa kuwa tumbo la mbwa ni gumu. — Mama, Ahero

Mahindi hayo mama usimpe, wala kuku, wala mtu. Ukungu wake hutoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mbwa huanza kwa kukataa chakula, kisha macho na ufizi hugeuka manjano, anatapika au kunya damu, kwa kuwa ini limekufa. Tumbo gumu halihusiki.

Ugali na omena si chakula kibaya. Kinachokosewa ni kipimo. Ugali ukiwa mlima na omena ikiwa mchuzi tu, mbwa hushiba wanga na kukosa protini, na manyoya ndiyo hutangulia kusema. Kwa mbwa mzima wa kilo 20 hivi, asiyenyonyesha, siku moja: unga gramu 200 (kikombe kimoja na nusu) uliopikwa ugali laini, omena kavu gramu 80, yaani viganja viwili vilivyojaa, sukuma kidogo iliyokatwa na kuchemshwa, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Omena huliwa na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu imo humo humo, faida ambayo nyama tupu haina. Chemsha omena dakika kumi baada ya kuiosha maji mawili au matatu; ile ya kusagia chakula cha kuku huja na mchanga mwingi, na mara nyingine imeshaingia ukungu. Nunua ya kupikia watu. Chumvi, kitunguu na viungo weka kwenye sufuria yenu, si yake. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya mbwa.

Baada ya mwezi mpapase: mbavu zinapaswa kuhisiwa kwa vidole kwa urahisi lakini zisionekane kwa mbali. Akibaki mwembamba na anakula vyote, tafuta minyoo. Mbwa mzima apewe dawa kila miezi mitatu. Mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni, hasa yenye malengelenge ya maji, yasimfikie kabisa. Hapo ndipo mbwa hupata mnyoo ambao mayai yake, yakitoka na kinyesi chake na kuingia kinywani mwa mtoto, humwotesha uvimbe wa maji kwenye ini. Yachemshwe nusu saa au zaidi, au yafukiwe.

Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vya kuchoma utumbo.

Jike wetu huzaa mara mbili kwa mwaka na hatuna pa kuwapeleka watoto. Kijana wa kazi huwaacha sokoni Chwele. Nimesikia kuna sindano ya kuzuia uzazi. — Dada, Bungoma

Sindano ipo, na hatuipendi. Dawa hiyo ya homoni humfanya jike awe katika hatari kubwa ya kizazi kujaa usaha, na anayejaa usaha huhitaji upasuaji wa haraka ukiwa tayari umekula pesa zako kwa sindano. Afadhali upasuaji mmoja wa kutoa kizazi, akiwa na miezi sita na kuendelea, au kama miezi mitatu baada ya joto (siku za jike kutaka dume) kupita. Usiku wa kuamkia siku hiyo asile, maji anywe. Arudi nyumbani siku hiyo hiyo, akae siku 10 hadi 14 bila kukimbia wala kuoga, na asilambe mshono. Mshono ukivimba, ukitoa maji au harufu, usingoje siku za kutoa nyuzi.

Hana haja ya "kuzaa kwanza mara moja". Kinyume chake, anayefanyiwa kabla ya joto la kwanza huwa na nafasi ndogo mno ya kupata saratani ya matiti.

Kabla ya siku ya upasuaji, jua hesabu ya joto: wiki tatu hivi. Damu ikianza usifikiri zimeisha siku zake pale inapopauka. Siku hizo za katikati ndizo anazokubali dume. Mfungie ndani, si kwenye mnyororo uani, kwa kuwa mnyororo humzuia yeye tu, na dume wa mtaa mzima wanafika. Mimba ni kama siku 63. Na huyo kijana mwambieni aache: kumtelekeza mnyama ni ukatili chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na wenye mbwa ni ninyi, si yeye.

Mlinzi wetu anampa mbwa pilipili na dondora ili awe mkali, na mchana amefungwa mnyororo wa mita moja. Tumwache? — Familia, Bahati

Msimwache. Pilipili na dondora humpa maumivu ya tumbo, na mbwa mwenye maumivu humuuma anayemlisha. Mnyororo wa mita moja hufanya jambo baya zaidi: hawezi kukimbia, kwa hiyo kila anayekaribia ni adui, hata mtoto aliyefuata mpira. Jengeni banda la kulala lenye sakafu iliyoinuliwa sentimita 15 kutoka chini, mlango ukipa mgongo upande wa mvua, na mbele yake uzio wa angalau mita mbili kwa tatu wenye kivuli na maji. Usiku afunguliwe ndani ya ua, geti likiwa limefungwa.

Wiki iliyopita mbwa wetu alimuuma mtoto wa jirani mguuni, damu ikatoka kidogo. Mbwa alichanjwa mwaka jana. Bibi aliweka mafuta ya taa na majivu kwenye kidonda, na jirani sasa anataka tumuue mbwa. Tulifanya sawa? — Mama, Nyalenda, Kisumu

Kama mtoto hajafika hospitali, apelekwe leo. Wiki moja kupita si sababu ya kukaa. Kichaa cha mbwa huchukua wiki hata miezi kujitokeza, na kikishajitokeza karibu hakuna anayepona.

Kidonda kilitaka maji yanayotiririka na sabuni ya kawaida kwa dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha dawa ya kuua viini kama spiriti au ayodini. Sabuni huvunja virusi. Mafuta ya taa na majivu hayavunji kitu, yanachubua nyama na kuupitisha uchafu ndani. Kidonda kisishonwe haraka, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mbwa. Sindano za kinga huwa nne au tano zilizotawanywa ndani ya mwezi kuanzia siku ya kwanza, na penye damu daktari anaweza kuongeza dawa ya kinga ya papo hapo kuzunguka kidonda. Watu wengi huacha baada ya sindano ya pili kwa sababu mtoto "amepoa". Tarehe zote zifuatwe, isipokuwa daktari mwenyewe akizisimamisha. Aulizwe na kuhusu pepopunda.

Mbwa msimuue. Mpigieni ofisa wa mifugo wa wadi, kisha mbwa afungiwe mahali salama na atazamwe siku kumi tangu siku ya kuuma. Virusi huingia kwenye mate siku chache tu kabla ya dalili, na mbwa mwenye dalili hufa haraka. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi kwenye mate siku ile. Mkimuua mtapoteza jibu hilo, na jirani ndiye atakayekosa usingizi. Akifa mwenyewe au akiwa amekwisha kuuawa, kichwa kisipondwe wala kuchomwa, wala msikikate wenyewe: ofisa atakichukua kwa uchunguzi wa ubongo.

Chanjo ya mwaka jana inasaidia, lakini tazameni tarehe kwenye kadi. Hurudiwa kila mwaka, na miezi 14 si mwaka. Kenya ilithibitisha kichaa kwa mbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912 nje kidogo ya Nairobi, na kwa mtu mwaka 1928, mwanamke wa eneo lenu la Ziwa Victoria. Mpango wa taifa wa kukimaliza, uliozinduliwa 2014, unalenga 2030. Utafika tu kama asilimia 70 ya mbwa watachanjwa kila mwaka, kwa hiyo kampeni ya bure ikija mtaani kwenu, mara nyingi karibu na Septemba 28, mpelekeni na mbwa wa jirani kama jirani yuko kazini. Siku kumi zikiisha na mbwa wenu ni mzima, ofisa akimwachilia, achanjwe siku hiyo hiyo na kadi ipelekwe kwa jirani aione kwa macho yake.